Bango la shule na jeshi: chapa mwenyewe kwa fremu na karatasi

Vijana wanaokuja kwenye karakana yangu huku Kariobangi, Nairobi, huja na hoja rundo: karo, mtaala, ajira, jeshi. Huwauliza, ipi? Bango husomwa na mtu anayevuka barabara. Chukua swali moja, kwa mfano: je, mwanafunzi apitie kambini kabla ya chuo kikuu? Kenya tumeshalijibu mara moja. Miaka ya 1980, waliofaulu kwenda chuo kikuu walipitishwa kwanza NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kuna mzee atakayekwambia mafunzo yale yalimjenga, na mwenzake atakayesema yalikuwa ya kuwatia adabu wasomi. Penye ubishi huo ndipo penye mchoro.

Usiweke kitabu kushoto na buti kulia. Hapo hujasema kitu. Kimoja kiingie ndani ya kingine. Mimi ningechora penseli kwenye gwaride, zote zimesimama wima, moja imegeuka upande. Maneno yasizidi manne.

Fremu igongwe kwa mbao nyembamba za Gikomba. Wamba juu yake kitambaa cha pazia laini cha Eastleigh, ukivute mpaka kilie kama ngoma, halafu uzibe kingo kwa selotepu pana. Kata mchoro kwenye karatasi ya gazeti: unachokitoa ndicho kitakachochapika. Herufi usizigeuze. Vile vipande vya katikati ya O na A usivitupe. Laza karatasi uliyoikata, yaani stensili, juu ya karatasi ya kuchapia, uvipange mahali pake, ushushe fremu, uvute rangi ya maji ya kuchapia fulana kwa kipande cha raba. Mvuto wa kwanza huvigandisha kwenye kitambaa pamoja na stensili yote. Rangi iwe nzito, ikiwa nyepesi hupenya chini ya kingo.

Rangi moja inatosha. Wanafunzi wa Paris walioteka chuo cha sanaa Mei 1968 walichapa mabango mengi hivyo, bila sahihi ya msanii. Wa Berkeley, Marekani, 1970, wakipinga vita vya Vietnam, walitumia hata karatasi za kompyuta zilizokwisha kutumika. Nawe uliza kwenye saiba. Karatasi zilizochapwa upande mmoja hutupwa kila jioni.

Stensili ikianza kulowa, acha. Osha kitambaa papo hapo, maana rangi ikikauka tundu hazifunguki tena. Na kabla ya kubandika, omba mwenye ukuta. Kanjo, askari wa jiji, hawasomi mchoro, wanatafuta aliyeshika gundi.