Kabla ya kunyoosha Kiingereza, sikiliza Kiswahili chako

Niliwahi kumwambia bosi kwenye simu kwamba "list" yangu ina matatizo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshaenda hospitali. Alisikia "wrist", kifundo cha mkono. Kikuyu niliyoikuta nyumbani haina L, basi ulimi wangu ukikutana nayo huipiga R na kusonga mbele. Mimi mwenyewe sikuwa nasikia chochote kibaya.

Kwa hiyo ukitaka kunyoosha matamshi yako, usianze na Kiingereza. Chukua simu ujirekodi ukisoma harakaharaka: thelathini, dhahabu, lori refu, shati, bibi, daraja. Sikiliza kesho yake, au bora zaidi mpe mtu wa kabila lingine asikilize, hatakuonea haya. Ukisema "selasini" na "zahabu", jua "think" itatoka "sink" na "this" itatoka "zis". Ukizitamka sawasawa, sauti hizo mbili za Kiingereza unazo tayari, usipoteze muda nazo. Mjaluo aangalie kama shati limekuwa "sati", maana "ship" itageuka "sip". Mbukusu asikilize kama bibi kaelekea "pipi" na daraja "taracha". Mkikuyu mwenzangu huenda akakuta "mbibi" na "ndaraja".

Orodha yako itakuwa ya sauti mbili tatu. Fanyia kazi hizo tu.

Ya L: bandika ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu na uiache hapohapo, uvute "lllll" hadi uchoke, ndipo umalizie "list". R ya Kiingereza ni kinyume, ncha ya ulimi haigusi popote. Ya "mb": ziba pua kwa vidole useme "bad". Ukihisi mtetemo puani kabla ya B kutoka, M bado imejificha humo. Ya B na P: weka kidole kooni, B ya kweli hutetemesha.

Wenye Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, mna bahati. Mnaotofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi, ile pumzi ya mnyama ndiyo P ya "pin". Sisi wengine tunashika kipande cha karatasi mbele ya midomo: "pin" ikipeperushe, "spin" ikiache kimetulia.

Irabu ndizo zinazotukamata sote, wa pwani na wa bara. Kiswahili kina 5 tu, na Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa 20 hivi, pamoja na zile za kuunganisha. Tazama shati na sketi. "Shirt" na "skirt" zina irabu ileile kwa Kiingereza, lakini moja tuliipa A, nyingine E, kwa sababu yao haipo kwetu ikabidi itafutiwe pa kulala. Kuipata, sema "e", kisha rudisha ulimi katikati ya kinywa bila kugusa kitu, midomo ikiwa imelegea. Inasikika kama mtu anayefikiria jibu.

Na "ship" si "sheep" iliyokatwa mkia, ingawa ndivyo wengi tulivyofundishwa. Anza na "i" yetu, tabasamu lote, hiyo ni "sheep". Sasa legeza mashavu, shusha ulimi kidogo tu kuelekea "e", usifike. Hapo ndipo "ship" ilipo. Mimi ilinichukua wiki kadhaa mbele ya kioo, nikionekana mwehu.

R inayogonga iache, hakuna anayeshindwa kukuelewa kwa hiyo.

Mkazo usiuache. Kiswahili huukandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba mzimamzima: "comforTAble". Piga meza mara moja tu, kwenye "COM", na zilizobaki zimezwe: "KAMftabl". Kisha "photograph", piga mwanzo. "Photographer", piga ya pili. "Photographic", piga ya tatu. Rudia hadi mkono ujue kabla ya mdomo.