Kabla ya kuongeza presha ya turbo kwenye lori la milimani

Kabla fundi hajagusa kompyuta ya lori lako ili aongeze presha ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, mwambie litapanda wapi likiwa na mzigo. Lori la kuzunguka Kampala na Jinja si sawa na lori la kutoa viazi Kisoro. Barabara ya Kisoro kwenda Kabale inapita juu ya mita 2,300, na kule hewa ni nyepesi. Mombasa hewa ya nje ina presha ya kilopaskali 101 hivi, Kampala 88, Kabale kama 80. Kompyuta hupima presha yote iliyo ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), hewa ya nje ikiwemo, ilhali geji ya kawaida ya mshale husoma ile ya ziada peke yake. Chukua injini inayotaka kilopaskali 200. Mombasa turbo huibana hewa mara mbili tu, lakini Kabale lazima iibane mara mbili na nusu. Dizeli ni ileile na nguvu ni ileile, ila turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na tayari ni kitu kinachoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwa hiyo kikomo cha presha kilichopangwa kwa kujaribia Northern Bypass, barabara ya Kampala, mimi sikikubali. Mwambie fundi aache nafasi ya mlima.

Halafu soma kodi zilizopo, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imehifadhi, na uziandike kwenye daftari kabla hazijafutwa. P0234 maana yake presha imezidi, P0299 presha haijafika. Malori makubwa hutoa namba za aina nyingine: SPN hutaja sehemu yenye tatizo, na SPN 102 ndiyo presha ya manifodi; FMI inayofuata hutaja aina ya hitilafu, nayo ndiyo inayokupa habari yenyewe. FMI 0 au 16 ni presha kuzidi, 1 au 18 ni kupungua. FMI 3 au 4 ni hitilafu ya umeme, basi kagua waya na soketi ya sensa kwanza, turbo uiache.

Ukiona P0299, usikimbilie kununua turbo. Mara nyingi ni hosi ya intakula (kipoza hewa kati ya turbo na injini) iliyochanika au klipu iliyolegea. Jaza hewa kidogo kwenye mabomba, paka maji ya sabuni, utaona mapovu.

P0234 ndiyo inayonitia hofu. Gereji moja ilinifutia kodi hiyo mara tatu bila kuuliza imetoka wapi. Kumbe vile visu vinavyoongoza moshi ndani ya turbo vilikuwa vimeganda kwa masizi, presha ikipanda haishuki. Shafti ilikatika karibu na Muko usiku, mvua inanyesha, mimi na taniboi wangu tukakesha tukifunika magunia kwa turubai. Tangu siku hiyo sitoki gereji kabla sijaonyeshwa chanzo.

Usikubali kabisa kile kisanduku kinachochomekwa kati ya sensa na kompyuta ili isome presha ndogo kuliko iliyopo. Kompyuta ikidanganywa haiwezi kukata nguvu kwa wakati, na kule kukata nguvu, ambako madereva tunakulalamikia sana, ndiko kunakookoa pistoni. Kama presha inaongezwa, iongezwe ndani ya programu yenyewe, na kikomo cha kukata nguvu kibaki kimewashwa.

Funga pia geji ya joto la egzosi, sensa yake ikae kabla ya turbo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni husalimika kwa sababu oili inaipoza na kila mlipuko ni wa muda mfupi sana, lakini ukipanda dakika kumi mfululizo na dizeli nyingi kuliko hewa, hali hubadilika. Mimi nikiona 700 naachia pedeli na kushuka gia. Moshi mweusi ukiuona kwenye kioo, fanya vivyo hivyo hata kama geji imetulia.

Filta ya hewa iwe safi, oili isiwe imepitiliza muda wake. Beba hosi moja ya akiba, klipu mbili na kisoma kodi kinachokubali umeme wa volti 24. Ukimaliza mlima usizime injini papo hapo: iache ingurume dakika tatu, ili oili iendelee kupita kwenye beringi za turbo mpaka zipoe.