Jina la mzee kwenye tasnifu: ya kupanga kabla hujawasha rekoda

Soma tasnifu za uvuvi wa Pwani. Profesa wa ng'ambo katajwa kwa jina, mwaka na ukurasa. Aliyeeleza dema, ule mtego wa samaki, litegwe wapi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kaandikwa "mvuvi mmoja mzee wa Mombasa". Dawa yake iko mwanzoni, kabla hujaenda kumhoji.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na idhini ya kamati ya maadili ya chuo, hayo utafuatilia mwenyewe. Lakini jua kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitambua jamii kuwa wenye maarifa hayo na inataka ridhaa yao kwanza, kwa hivyo sahihi ya mtu mmoja huenda isitoshe. Kwa kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ndiyo zaidi: pitia kwa wazee wa kaya, na ukiambiwa jambo lisitoke nje, lisitoke, hata kama limo kwenye rekoda yako.

Jina ndilo linalotaka muda. Mvuvi aweza kuwa na jina la kitambulisho ambalo hata jirani halijui, na lakabu ambayo diko zima, pale wavuvi wanapotia nanga, linamwita. Muulize aandikwe lipi. Muulize ukoo, mtaa, na nani alimfunza. Akisema ni marehemu mjomba wake, basi mjomba naye atajwe. Wapo wasiotaka kutajwa kabisa, hasa waganga. Usimvike mtu heshima asiyoiomba.

Mtindo wa marejeo nao una mtego. APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani unaotumika vyuoni, huyaacha mazungumzo ya ana kwa ana ndani ya matini tu, kwenye orodha ya marejeo hayaingii. Lorisia MacLeod, mkutubi wa Kanada wa Wakrii, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa huko, alichapisha mwaka 2021 kiolezo kinachomwingiza mzee kwenye orodha: jina, taifa lake, anakoishi, mada, tarehe. Kwetu, penye taifa weka jamii na ukoo, au kaya. Msimamizi wako akione mapema, asije akakifuta wiki ya kuwasilisha.

Tenga pia siku ya kumsomea aya zinazomhusu, kwa Kiswahili au Kigiriama, si kwa Kiingereza cha tasnifu. Akikwambia "hapa sikusema hivyo", unarekebisha papo hapo. Na kama yuko Likoni, usisingizie nauli: feri kwa mguu ni bure.