Furaha Inayofundishika: Siku 30 na Barua kwa Wafilipi

Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni, na hakuwa na hakika kama atatoka hai. Hata hivyo maneno furaha na kufurahi yanarudi zaidi ya mara kumi ndani ya sura nne fupi. Watu hupenda 4:13, ule wa "nayaweza mambo yote", hadi wameubandika kwenye vioo vya daladala. Siri yenyewe iko mistari miwili nyuma yake: "nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo". Amejifunza! Hakuzaliwa nayo, wala hakuwekewa mikono ikamshukia. Ni kama kujifunza cherehani: kuna mazoezi, na mwanzoni sindano itakudunga.

Jumapili ya kwanza soma barua yote kwa mkupuo, kwa sauti. Haimalizi dakika 20. Kuanzia Jumatatu soma mistari saba kila asubuhi. Yote ni 104, kwa hiyo kwa siku 15 umemaliza, na ndani ya mwezi utaipitia mara mbili. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kabla ya kuifungua, maana ujumbe mmoja wa kundi la harusi unatosha kukutoa kwa Mungu asubuhi nzima.

Usiku, kabla ya kulala, fuata 4:6: omba, na ushukuru. Shukrani ziwe tatu, tena za siku hiyohiyo. "Asante kwa yote" haikufundishi kitu. "Asante kwa konda aliyenikumbusha chenji yangu" inakulazimisha kuikagua siku yako. Usirudie shukrani ileile ndani ya juma. Siku ya nne au ya tano utaona zimekauka. Hapo ndipo jicho linaanza kufunguka, usiache.

Juma la pili ni gumu, na ndipo wengi hukimbilia kufunga na kukesha ili waliepuke. Chukua karatasi, piga safu tatu: jina la mtu, ulichomfanyia, unachopaswa kurudisha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), na wokovu ukatajwa nyumbani mwake siku ileile. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa jambo hilihili: watu waliungama waziwazi na kurudisha walivyoiba. Dhamiri yenye deni haiimbi, hata ukiipeleka kwaya.

Deni la pesa lisilolipika kwa mara moja lisikufanye uzime simu. Mpigie mwenye pesa, taja kiasi na tarehe: "Nina elfu sitini yako. Nitaleta elfu kumi kila tarehe tano, kwa miezi sita." Kisha tarehe tano ifike na elfu kumi. Usiahidi elfu ishirini kwa ajili ya aibu ya siku moja.

Deni la maneno lina kanuni zake. Katika 4:2 Paulo anawataja Euodia na Sintike, wanawake wawili wa kanisa hilo, kwa majina na kuwasihi wapatane, barua isomwe mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo taja kosa lenyewe. "Kama nilikukwaza, samahani" si toba; hilo "kama" linamrudishia mwenzako mzigo. Sema hivi: "Dada, nilisema kwenye kikoba kwamba umekula hela. Sikuwa na ushahidi. Nilikosea, naomba unisamehe." Kisha nyamaza, usijieleze. Na kwa kuwa ulisema mbele ya kikoba, rudi ukakanushe mbele ya kikoba. Akikataa kukusamehe, umemaliza sehemu yako; usimtumie mchungaji kumshinikiza. Kwa upande wa pili, ukimsamehe anayekupiga, hulazimiki kurudi kulala chini ya dari moja naye.

Juma la tatu, toa kitu bila mtu kujua, wala picha. Kilo mbili za unga zinatosha.

Yapo yanayoharibu kazi hii. La kwanza ni kukopa ili "kupanda mbegu", yaani kutoa sadaka ili upate baraka. Hiyo ni bahati nasibu iliyovaa suti. La pili ni kulazimisha tabasamu. Anayeomboleza apewe Zaburi 13: ina mistari sita tu, inaanza kwa kumlalamikia Mungu "hata lini", na inafika kwenye kuimba mwishoni. Asirukishwe hadi mwisho.

La tatu ni kuita kila huzuni dhambi. Eliya alipoomba afe, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili; mazungumzo yalikuja baadaye (1 Wafalme 19). Kwa hiyo kama kwa majuma mawili mfululizo hulali vizuri, chakula hakipiti na hakuna linalokupa raha, nenda hospitali, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mawazo ya kujiua yakija, usisubiri hata siku moja: mwambie mtu wa karibu akupeleke leo. Maombi yaendelee, na dawa zinywewe kwa saa zake.