Somo: Kuchagua chuo cha shahada ya biashara ukitoka kidato cha sita

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hailali. Mtoto wa shangazi, mtoto wa jirani, rafiki ya mtoto wa jirani, wote wana swali moja: "Dada, niende Mlimani au IFM?" (Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, IFM ni Chuo cha Usimamizi wa Fedha.) Nami huwauliza, ukafanye kazi gani? Hapo kimya. Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye kazi, chuo kinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Itaje kazi kwa jina lake

"Nasoma biashara" haitoshi. Ndani ya neno hilo kuna uhasibu, ukaguzi wa hesabu, kodi, benki, bima, ununuzi na ugavi, masoko, rasilimali watu. Baadhi ya kazi hizi zina bodi zake, na bodi haijali jina la chuo chako lina sauti kubwa kiasi gani. Inaangalia ulichosoma.

Hili nimelilipia mwenyewe. Nilichukua usimamizi wa biashara kwa sababu jina lilinipendeza, nikajiona meneja tayari. Kazi iliyopatikana ikawa ya hesabu. Nilipotaka CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu) ikanianzisha ngazi ya msingi, ilhali wenzangu wenye shahada ya uhasibu walianzia ngazi ya kati. Mitihani ni Mei na Novemba, kwa hiyo ukichelewa ngazi moja unahesabu misimu, siyo wiki. Tulivaa majoho mwaka mmoja, wao wakaitwa CPA mimi bado nakariri kanuni za mwanzo. Chuo hakikunikosea. Sikuuliza.

Anayetaka ununuzi na ugavi naye ajue kuna PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, yenye mitihani yake.

Hatua ya 2: Tafuta anayeifundisha kazi hiyo kwa undani

Hapa vyuo vinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina BCom (shahada ya biashara) yenye michepuo kama uhasibu, fedha na masoko. Ni nzuri kwa anayetaka msingi mpana. IFM, iliyoanzishwa 1972, ina nguvu kwenye fedha, na ndiko wengi wanakokwenda kusomea bima na hifadhi ya jamii. Mzumbe, kule Morogoro, imetenganisha uhasibu na fedha wa sekta ya umma na ule wa sekta ya biashara. Anayeota halmashauri au wizara asipuuze tofauti hiyo. Kodi na forodha zina Chuo cha Kodi, usafirishaji na lojistiki una NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) pale Mabibo, na ushirika una chuo kikuu chake Moshi.

CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), ya tangu 1965, ina kozi ya vipimo na viwango. Wengi hawaijui. Yule afisa anayekagua mizani sokoni na pampu za mafuta anatoka upande huo. Wanaogombania nafasi za uhasibu ni wengi mno. Ningekuwa na mdogo wangu asiyependa msongamano, ningemwonyesha kozi hii.

Hatua ya 3: Soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mpaka safu ya mwisho

Alama za ufaulu mkuu zinabadilishwa kuwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini kwa kawaida ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, lakini masomo yenyewe lazima yawe yale yanayotajwa na kozi. Halafu kuna sharti dogo lililoandikwa mwishoni, mara nyingi ni hisabati ya kidato cha nne. Hapo ndipo wenye pointi nzuri wanapoangukia.

Hatua ya 4: Hesabu maisha yote, siyo ada peke yake

Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ilipanda mwaka 2022 kutoka sh 8,500 hadi sh 10,000 kwa siku. Bumu hilo linakuja kwa awamu, na wakati mwingine chumba kinadaiwa kabla halijaingia. Anayepanga Dar na kupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi hawezi kulinganisha matumizi na aliye Singida au Mzumbe. Na mkopo unarudishwa: 15% ya mshahara kila mwezi.

Lakini Dar ina faida yake. Ofisi za mafunzo kwa vitendo ziko karibu. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, siyo mhadhiri wala bango: fildi mlienda wapi, na mlipewa kazi au mlitumwa chai?

Hatua ya 5: Omba, kisha thibitisha

Maombi unatuma chuoni moja kwa moja, mtandaoni. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba ya kuthibitisha kwa simu. Usipothibitisha, nafasi inapotea. Wanaokwenda JKT, mafunzo ya kambini baada ya kidato cha sita, laini mliyojazia fomu ibaki kwa mtu anayesoma ujumbe.

Maswali

*Wa Mbeya: Dada, naambiwa IFM, CBE, TIA na IAA si vyuo vikuu. Shahada zao zinatambulika?*
Zinatambulika. Vyuo hivyo (TIA ni Taasisi ya Uhasibu Tanzania, IAA ni Chuo cha Uhasibu Arusha) viko chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na kozi zao za shahada zimo kwenye mwongozo wa TCU. Mwajiri anataka cheti halali.

*Wa Tanga: Mimi ni HGE (historia, jiografia, uchumi), siyo ECA (uchumi, biashara, uhasibu). Uhasibu nausahau?*
Usiusahau, kozi nyingi zinapokea HGE. Angalia lile sharti la hisabati. Jiandae tu kwamba muhula wa kwanza wenzako wa ECA watakuwa wanacheka darasani wakati wewe unauliza debiti iko upande gani. Inapita.

*Wa Kigoma: Nina pointi 3. Nirudie mtihani?*
Kabla ya kurudia, fikiria stashahada. Ukimaliza ngazi ya 6 ya NTA, ambayo ndiyo stashahada, na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaweza kuomba shahada, na tayari una cheti mkononi. Mmoja wa wakubwa wangu kazini alipita njia hiyo.

*Wa Temeke: Mkuu, baba anataka Mlimani, mimi nataka bima.*
Mpelekee baba ukurasa wa kozi ya bima, siyo maneno. Na uende naye pale mtaa wa Shaaban Robert siku moja ya kazi, aone mabenki na ofisi zilizoizunguka IFM. Wazee wengi hawajawahi kuelezwa bima inaajiri watu gani.