Kupanga Bajeti ya Chakula ya Mwezi kwa Familia ya Dodoma

Watu wengi hutenga fedha kwanza, kisha ndipo huuliza zitatosha kununua nini. Utaratibu huo una kasoro, kwa kuwa fedha haikuelezi nyumba inakula kiasi gani. Ni heri kuanza na vipimo: kwa wiki mbili, kila kinachoingia sufuriani kipimwe na kuandikwa kwenye daftari, unga kwa kilo, mafuta kwa lita, mchele na maharage kwa kikombe kilekile kila siku. Kiasi utakachopata ukizidishe mara mbili, uongeze matumizi ya siku mbili, ndipo uende sokoni kuuliza bei.

Nafaka ndiyo inayobeba bajeti nzima, na kwa mkazi wa Dodoma isihesabiwe kwa mwezi bali kwa mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, hivyo mavuno nayo huja mara moja. Bei ya mahindi kwa kawaida hushuka magunia yanapoanza kujaa katika soko la Kibaigwa baada ya mavuno, kisha hupanda kidogo kidogo hadi Januari na Februari, wakati uleule ambao wazazi wanahangaikia sare na madaftari. Familia ya watu sita inayotumia kilo moja na nusu ya unga kwa siku inahitaji kilo 45 kwa mwezi, yaani takriban kilo 540 kwa mwaka, ambazo ni magunia matano na nusu hivi ya kilo 100 ikiwa inakula dona. Inayokula sembe iongeze, maana mahindi yakikobolewa sehemu yake hubaki pumba, na pumba ni hasara kwa nyumba isiyofuga kuku.

Asiyemudu magunia yote kwa mkupuo anunue hata mawili wakati wa mavuno. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mahindi yaliyomo stoo si ya bure: gharama yake igawanywe kwa idadi ya miezi yatakayolisha, na fungu hilo liwekwe akiba kila mwezi kana kwamba unga unanunuliwa dukani. Bila hivyo, msimu ujao utakukuta mikono mitupu.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha mahindi yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha kiganja pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, utikise vizuri na kuiacha kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yaliyokauka yatiwe katika mifuko ya kinga njaa, yaani mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake kwa kamba, kwa maana dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hufa kwa kukosa hewa. Wakati wa kununua, omba mizani, kwani debe na sado hupima ujazo na mkono wa muuzaji una namna yake ya kulitikisa debe.

Sukari, chumvi, mchele na maharage vinunuliwe mara moja mshahara unapoingia. Mafuta ya alizeti, ambayo mikoa ya Dodoma na Singida inayakamua kwa wingi, yanunuliwe kwa dumu la lita tano, kwa sababu mafuta ya kupimiwa dukani kila jioni mara nyingi hugharimu zaidi kwa lita.

Fedha ya mboga ndiyo inayotoboa mfuko, kwa kuwa hutoka kidogo kidogo na hakuna anayeiandika. Igawanye kwa wiki, uiweke katika bahasha nne, na bahasha ya wiki ya tatu isiguswe kabla ya siku yake. Anayeweza kufika soko la Majengo mara moja kwa wiki anunue vitunguu na nyanya za siku kadhaa, akichanganya nyanya mbivu na zinazoanza kuiva, badala ya kununua fungu moja moja gengeni. Wakati wa mvua, mchicha, majani ya kunde na mlenda hupatikana kwa bei nafuu; mlenda uanikwe kivulini, utwangwe na kuhifadhiwa, maana kuanzia Agosti mboga mbichi huadimika na kijiko cha unga wake huokoa mlo mzima.

Nyumba za Dodoma zina gharama nyingine ambayo haionekani kwenye daftari la mtu wa mkoa mwingine: ndugu wanaokuja kufuatilia mambo yao wizarani Mtumba, wakisema ni siku mbili. Kwa kila mgeni ongeza robo kilo ya unga kwa siku, na fungu hilo liwekwe tangu mwanzo wa mwezi. Asipokuja mtu, lihamishiwe kwenye akiba ya mahindi.

Tarehe ya mwisho ya mwezi, pima kilichobaki na uandike. Kilichozidi kipunguzwe katika orodha inayofuata, na kilichoisha mapema kiongezwe kwa idadi ya siku kilizokosekana.