Kuoanisha logi za usalama kwa muda unapowinda vitisho: hatua kwa hatua

Zeek, programu inayorekodi mawasiliano ya mtandao, inasema kompyuta ya mtumiaji ilifungua muunganisho wa kwenda nje saa 02:14:07. Sysmon, programu inayorekodi michakato ya Windows, kwenye kompyuta hiyohiyo inasema mchakato uliofungua muunganisho huo ulianza saa 02:14:31. Mchakato hauwezi kutuma pakiti kabla haujaanza, kwa hiyo saa hizo mbili zimepishana kwa sekunde 24 au zaidi. Asiyeligundua hilo atauondoa mchakato wenye hatia kwenye orodha ya washukiwa na kuushika mwingine uliokuwa kwenye kazi zake halali.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anasoma logi za Windows na za mtandao bila shida. Vifaa ni logi ghafi na DuckDB, hifadhidata ndogo ya SQL. Lahajedwali liache kabisa. Excel ikifungua CSV huzigeuza tarehe kwa kubahatisha na huonyesha mihuri ya muda yenye milisekunde kama dakika na sekunde tu. Ukihifadhi faili hilo, saa na tarehe ulizokuwa huzioni kwenye skrini zimepotea kweli.

Hatua ya 1: Chagua nanga

Anza na tukio moja unaloliamini: huduma mpya isiyojulikana (tukio la Windows namba 7045), logi iliyofutwa (1102), au muunganisho wa anwani iliyokwisha kuthibitishwa kuwa mbaya. Chukua dakika 30 kabla yake na dakika 30 baada yake. Utapanua baadaye.

Hatua ya 2: Kusanya

Nakili, piga heshi ya SHA-256 (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijabadilika), fanya kazi kwenye nakala. Ukiwa bado kwenye kila mashine, rekodi tofauti ya saa yake na chanzo cha kuaminika, yaani seva ya NTP (itifaki ya kusawazisha saa). Kwenye Windows:

`w32tm /stripchart /computer:ANWANI_YA_NTP /samples:5 /dataonly`

Kwenye Linux inayotumia chrony ni `chronyc tracking`. Kipimo cha leo si ushahidi wa hali ya wiki iliyopita, lakini ni mahali pa kuanzia.

Hatua ya 3: Peleka kila kitu kwenye UTC

Faili za EVTX, yaani logi za Windows, huhifadhi muda kwa UTC, saa ya rejea ya dunia. Event Viewer ndiyo inayoubadilisha kwenda saa za kompyuta unayotazamia. Ukinakili muda kutoka kwenye skrini, umenakili ukanda wa saa wa kompyuta yako, si wa mashine iliyoshambuliwa. Hayabusa, programu ya kuchambua EVTX, nayo hutoa saa za mahali mpaka uiongezee `-U`. Logi za IIS (seva ya wavuti ya Microsoft) za muundo wa W3C ziko kwenye UTC tayari, kwa hiyo usizigeuze mara ya pili.

Syslog (logi za Linux na za vifaa vya mtandao) ya zamani, ya kiwango cha RFC 3164, haina mwaka wala ukanda wa saa. Ukisoma logi za Desemba mwezi wa Januari, programu nyingi huzipa mwaka mpya na matukio yako yanarukia mbele mwaka mzima. RFC 5424 ilitibu yote mawili. Kama seva za rsyslog (programu ya kupokea syslog) ni zako, hamia kwenye `RSYSLOG_FileFormat` leo.

Mihuri ya namba itambue kwa urefu wake: tarakimu 10 ni sekunde tangu 1970, 13 ni milisekunde. FILETIME ya Windows ina tarakimu 18, ni vipande vya nanosekunde 100 tangu 1601. Igawe kwa 10,000,000 kisha toa 11,644,473,600 ili upate sekunde za Unix.

Kwa mahali penye saa za kiangazi, geuza kwa jina la ukanda kama `Europe/Berlin`, si kwa kujumlisha saa moja au mbili. Ile saa inayojirudia saa zinaporudishwa nyuma haiwezi kutenganishwa kwa muda peke yake. Tumia mpangilio wa mistari ndani ya faili.

Maelezo ya mdomo nayo ni chanzo cha muda. Mtumiaji akisema aliona dirisha geni "saa tatu", hiyo ni 03:00, 09:00 au 21:00? Muulize palepale, uandike kwa saa 24.

Hatua ya 4: Jua muhuri unataja kitu gani

Muhuri unaweza kuwa wa mwanzo wa tukio, mwisho wake, kuandikwa kwake, au kufika kwake kwenye mfumo wa kukusanya. Ukizichanganya, hakuna marekebisho ya saa yatakayokuokoa.

Kwenye `conn.log` ya Zeek, `ts` ni pakiti ya kwanza, lakini mstari huandikwa muunganisho unapokwisha. Muunganisho ulioanza 02:00 na kukatika 09:00 utaukuta kwenye faili la 09:00, na ulio hai bado haumo kabisa. Nginx, seva ya wavuti, hufanya kinyume: `$time_local` ni wakati wa kuandika logi, baada ya ombi kukamilika, kwa hiyo toa `$request_time` ili upate mwanzo. Kwa faili kubwa lililopakuliwa, hapo pana dakika kadhaa.

Kati ya mifumo ya kukusanya logi, Splunk hutenganisha `_time` (muda wa tukio) na `_indextime` (muda wa kufika). Elastic ina `@timestamp` na `event.ingested`. Panga hadithi kwa muda wa tukio, ila tafuta mapya kwa muda wa kufika. Kompyuta mpakato iliyokaa siku 3 nje ya mtandao italeta matukio ya juzi leo, na utafutaji unaoangalia "dakika 15 zilizopita" kwa muda wa tukio hautayaona kamwe.

Hatua ya 5: Pima upotofu wa saa wa kila mashine

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Wengi huridhika kwamba NTP imewashwa. NTP kuwashwa ni mpangilio tu. Upotofu ni namba, na namba hupimwa. Kuwa ndani ya domeni nako hakutoshi, maana kiwango cha kawaida cha Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwenye domeni, huvumilia tofauti ya dakika 5, na dakika 4 zinatosha kugeuza kisababishi kuwa matokeo.

Chagua saa moja ya rejea. Mimi huchagua kihisi cha Zeek chenye NTP iliyothibitishwa, kwa sababu mashine zote hupita mbele yake. Kisha tafuta jozi: tukio moja lililorekodiwa pande mbili. Jozi nzuri ni ulizo la DNS, yaani kuuliza anwani ya jina (tukio namba 22 la Sysmon kwenye kompyuta, `dns.log` kwenye Zeek). Kwa seva ya Linux tumia mwanzo wa muunganisho wa SSH na mstari wa sshd wenye `Connection from`, kama kiwango cha logi ni VERBOSE. Mstari wa `Accepted` haufai, kwa sababu kati yake na pakiti ya kwanza kuna muda wa mtu kuandika nywila.

Kwenye DNS kuna mtego. Sysmon 22 hurekodi hata ulizo lililojibiwa na kache (kumbukumbu ya majibu ya awali), ambalo halikupita mtandaoni. Ukioanisha jina linaloulizwa kila dakika, utaunganisha ulizo la kache na pakiti ya ulizo jingine na kupata tofauti za ovyo. Tumia majina adimu tu, yaliyoonekana mara moja kwa siku pande zote mbili.

Chukua angalau jozi 20. Toa muda wa mashine kutoka muda wa rejea kwa kila jozi, kisha chukua mediani, si wastani. Ucheleweshaji huvuta upande mmoja tu, na jozi mbili zilizochelewa sekunde 40 zitaupotosha wastani wote. Rudia kwa makundi matatu: siku ya kabla, saa za tukio, siku ya baada. Umbo la namba litakuambia ugonjwa:

- Tofauti ni ileile na inagawanyika kwa 900. Huo ni ukanda wa saa uliosomwa vibaya. Rudi hatua ya 3. Usisahau kanda za nusu saa na robo saa: India ni +5:30, Nepal ni +5:45.
- Tofauti ni ileile lakini namba ya kawaida, mfano sekunde 26. Saa imewekwa vibaya na haisawazishwi. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.
- Tofauti inakua polepole. Fuwele inayoendesha saa inakimbia au inachelewa. Sehemu 20 kwa milioni ni kama sekunde 1.7 kwa siku, yaani zaidi ya sekunde 50 kwa mwezi. Marekebisho lazima yabadilike kwa siku.
- Tofauti inaruka ghafla. Saa ilisogezwa. Tafuta tukio la 4616 (saa ya mfumo kubadilishwa) kwenye logi ya usalama, namba 1 ya Kernel-General kwenye logi ya mfumo, au `System clock wrong by` ya chronyd. Mashine pepe iliyosimamishwa kisha ikaamshwa hufanya hivi mara nyingi.

4616 yenyewe si ushahidi wa uvamizi. Huduma ya saa ya Windows huitoa kila inaporekebisha. Kinachostahili kusimamisha kazi ni 4616 yenye akaunti ya mtu na mruko wa dakika au saa. Logi ya 4616 isipokuwepo, panga matukio kwa `EventRecordID`. Namba zikipanda huku muda unarudi nyuma, saa ilirudishwa, na umeipata sehemu yenyewe.

Marekebisho usiyaandike juu ya muda wa asili. Weka jedwali la `saa` lenye mashine, kuanzia, hadi, na marekebisho kwa milisekunde:

```
CREATE VIEW matukio AS
SELECT g.*, g.muda_asili + to_milliseconds(s.marekebisho_ms) AS muda
FROM ghafi g JOIN saa s
  ON g.mashine = s.mashine
 AND g.muda_asili >= s.kuanzia AND g.muda_asili < s.hadi;
```

Hesabu mistari kabla na baada. Mashine isiyo kwenye jedwali la `saa` inatoweka hapa bila ujumbe wowote wa kosa. Kisha pima jozi zako upya kwa muda uliorekebishwa. Mediani ikikaribia sifuri, umepatia; ikiwa imejirudia mara mbili, alama ya kujumlisha na kutoa umeigeuza.

Andika pia ukingo wa kosa, kwa mfano −26 s, ±1 s. Matukio mawili ya mashine tofauti yaliyopishana chini ya ukingo huo hayana mpangilio unaojulikana.

Hatua ya 6: Unganisha kwa ufunguo, kisha kwa dirisha

Muda peke yake huunganisha kila kitu na kila kitu. Anza na ufunguo: `LogonId` kati ya 4624 (kuingia) na 4688 (mchakato mpya), `uid` kati ya faili za Zeek, `ProcessGuid` ndani ya Sysmon. Dirisha la muda linakuja pale ufunguo unapokosekana.

Upana wa dirisha utokane na kinachotokea. Mtu akitumia PsExec, zana ya kuendesha amri kwenye mashine nyingine, kuingia kwa aina ya 3 (kupitia mtandao) na 7045 hufuatana ndani ya sekunde chache, basi sekunde 10 zinatosha. Kati ya kufungua kiambatisho na kuanza kwa mchakato, dakika 2. Kwa DNS na muunganisho wake usitumie dirisha thabiti, kwa sababu jibu hukaa kwenye kache hadi TTL (muda wake wa kuishi) iishe. Tafuta jibu la mwisho lililotangulia:

```
SELECT m.muda, m.chanzo, m.anwani, d.jina, m.muda - d.muda AS pengo
FROM miunganisho m ASOF LEFT JOIN majina d
  ON m.chanzo = d.chanzo AND m.anwani = d.anwani
 AND m.muda >= d.muda;
```

Pengo likizidi TTL kwa mbali, jina hilo si lake. Muunganisho usio na jina lolote kabla yake unastahili kutazamwa: programu halali chache huenda kwenye namba ya IP moja kwa moja.

Hatua ya 7: Soma kurudi nyuma

Kwa mfano wa mwanzo, jozi zinaonyesha saa ya Windows iko mbele sekunde 26. Mchakato sasa ulianza 02:14:05, sekunde 2 kabla ya muunganisho. Fuata `ParentProcessGuid` hadi kwa mzazi wake, kisha mzazi wa mzazi, mpaka ufike kwenye kuingia kwa mtumiaji. Kwenye ripoti weka safu zote mbili, muda wa asili na uliorekebishwa, ili anayefungua logi ghafi aukute mstari uleule wa 02:14:31.